Mzazi Nje ya Kambi: Historia ya Vikundi vya Kikristo vya Wavulana

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 1883, katika jumba la misheni la North Woodside mjini Glasgow, kijana wa miaka 28 aitwaye William Alexander Smith, pamoja na rafiki zake wawili, aliandikisha wavulana 59 katika kikundi alichokiita Boys' Brigade. Smith alikuwa mfanyabiashara, mwalimu wa shule ya Jumapili na ofisa katika jeshi la kujitolea, na jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa moja: wavulana wakishatimiza miaka 13 hawakuonekana tena kanisani. Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872 ilimtaka mtoto asome tangu miaka 5 hadi 13. Aliyevuka umri huo alikwenda kiwandani, gatini au dukani, akapata vijisenti vyake, na hakukubali tena kuketi benchi moja na watoto wadogo. Smith akachukua alichokijua jeshini, yaani gwaride, amri na utii, akakichanganya na mafundisho ya Biblia. Mwaka 1886 aliwapeleka wavulana wake kambini Tighnabruaich, magharibi mwa Uskoti, na kambi ikawa sehemu ya maisha ya kikundi. Vikundi vingi vya Kikristo ambavyo leo huwatoa wavulana nje kupiga kambi na kupanda milima vimefuata mkondo aliouanzisha yeye.

Katika mpango huo mzazi hakupewa kazi. Sare ilikuwa kofia ndogo ya duara, mshipi, na mkoba mweupe wa kuvaa begani, vyote vikivaliwa juu ya nguo za kila siku, ili familia maskini isishindwe gharama. Mama alihitajika kuhakikisha mkoba ule ni mweupe kweli siku ya ukaguzi. Baba alikaribishwa mara moja kwa mwaka, siku ya maonyesho, akae kwenye kiti na kupiga makofi. Kati ya siku hizo mvulana alikuwa chini ya ofisa. Wala haikuwa dharau. Baba wa Glasgow wa wakati ule alifanya kazi saa nyingi siku sita za juma, na mwanawe wa miaka 14 naye alikuwa mfanyakazi. Kumtaka mzee huyo aje kambini kungekuwa kumtaka aache mshahara. Hoja yangu ni kwamba mpaka uliowekwa pale, kati ya kikundi na nyumba, ulikuwa na sababu zake, lakini sababu zilipokwisha mpaka ukabaki, nao umewadhuru wavulana kuliko tunavyokubali kusema.

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri tangu Januari 1941, aliurithi mpaka huo. Alikuwa mmoja wa makamu wa rais wa Boys' Brigade, na Smith ndiye aliyemhimiza aandike upya mafunzo yake ya upelelezi kwa ajili ya wavulana. Agosti 1907 alipiga kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea na wavulana wapatao 20, baadhi yao kutoka Boys' Brigade ya Bournemouth na Poole, wengine wana wa marafiki zake waliosoma shule za wenye uwezo. Aliwagawa katika doria ndogo, kila doria ikaongozwa na mvulana mwenzao. Mfumo huo ulizaa viongozi wengi, na sina neno la kuupinga. Ila uliimarisha fikra kwamba mvulana hukua vizuri wakubwa wa nyumbani kwake wakiwa mbali.

Kilichomrudisha mzazi hakikuwa mafundisho ya kanisa. Kilikuwa umri. Wadogo wa wavulana hao nao walitaka kuvaa sare, na mtoto wa miaka 8 hapigi kambi peke yake. Uingereza ilianzisha kundi la skauti wadogo mwaka 1916, na Boys' Brigade ikafungua tawi la watoto wake mwaka uliofuata, na humo wanawake wakapata nafasi kubwa ya uongozi. Marekani ilipoanzisha skauti wadogo rasmi mwaka 1930, muda si mrefu kazi ikahamia majumbani: wavulana wachache wa mtaa mmoja walikutana baada ya shule kwa mama wa mmoja wao, wakigongelea misumari na kupaka gundi mezani kwake. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kitabu cha mazoezi cha mtoto mwenyewe. Katika ngazi za chini, mbele ya kila zoezi palikuwa na mstari wa sahihi, na aliyetia sahihi alikuwa mzazi: ndiye aliyethibitisha kwamba mtoto amefunga fundo au ametimiza wajibu wa dini yake. Mtoto akikaribia kuingia skauti wakubwa, kalamu iliondolewa mkononi mwa mzazi ikapewa kiongozi. Kwa hiyo mtoto akiwa na miaka kumi hivi, mzazi alitolewa katika mtihani wa mwanawe, wakati mitihani migumu ya ujana ikiwa bado mbele.

Kikundi kimoja kilijengwa kwa msingi mwingine. Mwaka 1926 Harold Keltner, mtumishi wa YMCA mjini St. Louis, alishirikiana na Joe Friday, mwongoza wawindaji wa kabila la Ojibwe, kuanzisha kikundi cha baba na mwana. Keltner alivutiwa na alivyomsikia Friday akieleza malezi ya kwao, ambako baba ndiye anayemfundisha mwanawe porini. Mvulana alijiunga pamoja na baba yake, wote wawili wanachama sawa, na wazo hilo likaenea katika vitongoji vya Marekani. Kikundi hicho kilikuwa na dosari kubwa: kiliazima manyoya, ngoma na vyeo vya watu ambao wenyewe walinyang'anywa ardhi, na wazawa walipolalamika YMCA hatimaye ikayaacha mapambo hayo. Malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini mapambo yalipovuliwa, kanuni ya baba na mwana ilibaki imara, maana haikutegemea manyoya. Nacho pia kililenga watoto wadogo, na wengi walitoka walipokaribia ujana.

Wako wanaosema, tena kwa hoja nzito, kwamba mvulana lazima atengwe na wazazi ndipo awe mwanamume, na kwamba baba anayemfuata mwanawe kila kambi anamzuia kukua. Afrika Mashariki ina jibu lake. Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana huko Masasi, kusini mwa Tanzania, alikubali jando la wenyeji na kulipa sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Katika jando mvulana anatengwa kweli, analala porini, mama yake hamwoni. Hata hivyo huwezi kusema wazazi wako nje. Wazee ndio wanaoamua msimu, baba anaijua zamu yake, mama anapika chakula kinachopelekwa, na siku ya kutoka kijiji kizima kinampokea kijana. Anayetengwa ni mtoto peke yake. Wazazi wanabaki na kazi zao wakati wote wa kutengwa. Ofisa wa Glasgow alimtenga mvulana bila kumpa mzazi kazi yoyote, na tofauti hiyo ndiyo ninayoitetea.

Pingamizi jingine linauma zaidi. Kikundi kinachodai baba kitamfanya nini mvulana asiye na baba, au mwenye baba dereva wa lori ambaye hulala nyumbani mara mbili kwa mwezi? Wakati wa Keltner, baba wa kitongoji alikuwa na mapumziko ya mwisho wa juma, pengine na gari. Kanuni yake ilimfaa mwenye nafasi. Kikundi kikishikilia neno "baba" kwa ugumu, kitawafukuza wavulana wale wale ambao Smith alitoka kuwatafuta. Lakini dawa ya hilo ni kupanua maana ya mzazi. Mjomba, babu, kaka mkubwa, mama mwenyewe, au mzee wa kanisa aliyekubaliwa na mama kwa jina lake, wote wanaweza kuingia. Akina mama wamekuwamo tangu zamani: wavulana wa Kibaptisti wa kusini mwa Marekani walipangwa katika chama cha Royal Ambassadors mwaka 1908 na umoja wa wanawake wa kimisheni, na wanaume walikabidhiwa katikati ya miaka ya 1950 tu.

Halafu kuna usalama. Boy Scouts of America, chama ambacho makundi yake mengi yalilelewa na makanisa, kiliomba ulinzi wa mufilisi Februari 2020, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kwamba walidhulumiwa kingono walipokuwa wavulana ndani yake. Fidia ilikubaliwa kuwa dola bilioni 2.46. Kanuni ya kutomwacha mtu mzima mmoja peke yake na wavulana iliwekwa miaka ya 1980, baada ya vizazi vya mazoea ya kumwamini kiongozi pekee. Itasemwa kwamba hata mzazi anaweza kuwa mhalifu. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo mzazi mmoja hatoshi. Wanahitajika wengi, wanaofika bila miadi na wanaofahamiana.

Trail Life USA, kilichoanzishwa mwaka 2013 na Wakristo waliopinga uamuzi wa Boy Scouts of America wa kupokea wavulana wanaojitambulisha kuwa mashoga, hupokea wavulana kuanzia miaka 5 hadi 17 chini ya udhamini wa makanisa, na huwahimiza akina baba washiriki. Vyovyote msomaji atakavyouona ugomvi ule, jambo la kuangalia ni kama akina baba hao watabaki mwana akifika miaka 13. Swali hilo ni letu pia. Makanisa ya PCEA nchini Kenya yana Boys' Brigade, na Waadventista wa Kenya na Tanzania wana Watafuta Njia, wavulana kwa wasichana. Walezi wa vikundi hivi nawaomba mambo mawili kabla ya kambi ijayo: pangeni tarehe kwa kuwauliza wazazi wako likizo lini, na msipokee fomu ya kijana yeyote, hata wa miaka 16, isiyo na jina la mtu mzima wa kwao na kazi atakayoifanya kambini.