Uhamaji wa wavumbuzi

Uhamaji wa wavumbuzi ni hali ya mtaalamu aliyebuni mbinu au kifaa katika kampuni moja kwenda kuajiriwa kwingine, akichukua ujuzi ambao hataza, yaani hati ya kisheria inayolinda uvumbuzi, haiwezi kuueleza wote, kwa kuwa sehemu yake kubwa hutokana na mazoea ya mikono na kumbukumbu ya majaribio yaliyoshindikana. Mfano ulio wazi kabisa ni wa Federico Faggin, mwanafizikia kutoka Italia, ambaye mwaka 1968, akiwa katika kampuni ya Fairchild huko California, aliongoza uundaji wa teknolojia ya transista zenye lango la silikoni badala ya alumini, na mwaka 1970 akahamia Intel, kampuni iliyoanzishwa na Robert Noyce na Gordon Moore, wao wenyewe waliotoka Fairchild. Huko ujuzi huo ulimwezesha kuongoza usanifu wa 4004, kichakataji kilichokusanywa katika chipu moja na kuanza kuuzwa mwaka 1971, kabla hajashiriki kuanzisha kampuni ya Zilog, iliyotoa kichakataji cha Z80 mwaka 1976. Mkondo huo ulisaidiwa sana na sheria ya California, ambayo hubatilisha mikataba inayomzuia mfanyakazi kwenda kwa mshindani, ingawa siri za biashara huendelea kulindwa.