Kichujio na Mchanga: Habari za Maji ya Bahari Yaliyofungwa Katika Kioo

Kila mpishi wa pwani anaijua kazi ya kifumbu. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikakamuliwa ndani yake. Tui likapita, machicha yakabaki. Tena mpishi huyo anajua kwamba machicha hayaachwi humo mpaka kesho, kwa maana yatachacha, na tui la kesho likipita juu yake litaharibika, ijapokuwa nazi yenyewe ni mpya. Jambo hili jikoni halihitaji mwalimu. Walakini katika kazi ya kutunza samaki wa baharini ndani ya chombo cha kioo, wataalamu wa Ulaya walipita katika miaka zaidi ya 40 ya majaribio kabla ya kujua kwa hakika ni kitu gani kinachotendeka ndani ya kichujio, na kwa nini chenyewe nacho chataka kusafishwa. Habari za miaka hiyo ndizo nitakazowaeleza leo.

Kwanza na tuone shida yenyewe. Samaki aliye baharini hula, hupumua, na hutoa taka, wala haoni madhara, maana maji ni mengi na hayatulii. Mawimbi huyatia hewa, na mkondo huichukua taka mbali. Mtie samaki yuyo huyo katika chombo kidogo cha kioo, naye sasa anaishi ndani ya taka zake. Chembe za chakula alizoziacha huzama na kuoza. Katika kuoza huitumia hewa iliyomo majini, yaani oksijeni, na hutoa sumu iitwayo amonia. Chombo kikiwa kidogo, mambo huharibika upesi. Asubuhi maji ni safi, jioni samaki yu juu ya maji akitafuta pumzi.

Mtu mmoja wa kwanza kushindana na shida hii alikuwa bibi wa Kiingereza, Anna Thynne, mke wa kasisi wa kanisa kuu la Westminster mjini London. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, mji ulio pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, akaona matumbawe hai, akatamani kuyachukua mpaka kwake. London iko mbali na bahari. Basi ikampasa kuagiza maji ya bahari, na ili yasife hewa, mtumishi wake aliyamimina kutoka chombo hata chombo, mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku kwa muda mrefu. Baadaye bibi huyo alitia mwani ndani ya chombo, kwa kuwa mimea ipatapo mwanga hutoa oksijeni. Matumbawe yake yakaishi, hata yakazaa. Lakini tukumbuke mikono ya yule mtumishi, ambaye jina lake halitajwi sana katika vitabu. Mikono ile ndiyo iliyofanya kazi ifanywayo leo na pampu.

Mtu wa pili alikuwa mkemia, Robert Warington, naye pia wa London. Mwaka 1849 aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo cha maji matamu cha galoni 12, pamoja na mmea wa majini. Kwa muda mambo yalikuwa mema. Kisha majani ya mmea yakaanza kufa na kuoza, maji yakawa na ukungu na utelezi, na samaki wakawa hatarini. Warington akaongeza konokono wa maji. Konokono wakala majani yaliyooza, maji yakarudi kuwa meupe. Habari hizo alizitangaza mwaka 1850, na baadaye akajaribu njia iyo hiyo kwa maji ya bahari. Twaona hapa kwamba hata wakati ule yalihitajika mambo mawili: kuyatia maji hewa, na kuiondoa taka kabla haijaoza. Konokono walikuwa ndio wafagiaji wa kwanza.

Baada ya hayo, mwenye elimu ya viumbe aliyeitwa Philip Henry Gosse aliandika kitabu mwaka 1854 juu ya vyombo hivi, naye ndiye aliyelieneza jina la akwariamu. Kodi ya vioo ilikuwa imekwisha kuondolewa Uingereza mwaka 1845, kwa hiyo kioo kilikuwa rahisi kupatikana. Nyumba nyingi zikanunua akwariamu, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilikuwa imefungua nyumba nzima ya samaki kwa watu wote kuitazama. Lakini wanunuzi wengi walisikia neno moja tu, kwamba mimea na wanyama vikipimwa sawasawa, chombo kitajitunza chenyewe. Wakakiweka sebuleni, wakakiacha. Maji yakanuka, viumbe wakafa, na baada ya miaka michache vyombo vingi vikatupwa. Hapo hawakufa samaki kwa ukatili wa mtu, bali kwa imani ya kwamba kazi imekwisha kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Mwenye duka mmoja wa vyombo hivyo, William Alford Lloyd, alifikiri zaidi. Yeye aliona kwamba maji ya chombo cha maonyesho ni machache mno kuweza kujisafisha. Akafanya tangi kubwa mahali penye giza, lenye maji mengi kupita yale ya vyombo vya maonyesho, na mashine ya kuyazungusha maji daima, yashuke, yapumzike gizani, kisha yapandishwe tena. Kwa njia hiyo akwariamu ya Crystal Palace ilifunguliwa London mwaka 1871 chini ya uangalizi wake, na shauri lake lilitumika pia katika kituo cha uchunguzi wa bahari cha Napoli nchini Italia, kilichoanzishwa na Anton Dohrn, ambacho akwariamu yake ilifunguliwa kwa watu mwaka 1874. Kumbe maji hayahitaji kubadilishwa kila siku, yanahitaji kutembea.

Sasa na tuwaache samaki kidogo, tutazame maji ya kunywa ya watu, kwa maana elimu ya kichujio ilikua zaidi upande huo. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson aliwajengea watu wa Chelsea, mjini London, madimbwi makubwa yenye mchanga juu na kokoto chini. Maji ya mto Thames yalipita polepole katika mchanga, yakatoka safi. Baada ya muda, tope lilijaa juu ya mchanga, maji yakapita kwa shida. Hapo wafanya kazi hulikausha dimbwi, huparua tabaka nyembamba ya juu, huiosha, na kichujio huanza upya. Hawakuuchimba mchanga wote. Waliparua juu tu. Desturi hiyo ya kuparua ni sehemu ya kichujio kama mchanga wenyewe ulivyo.

Faida yake ilionekana kwa msiba mkubwa mwaka 1892. Mji wa Hamburg, Ujerumani, ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa. Mji wa jirani, Altona, ulikuwa ukitumia mto uo huo, tena upande wa chini ambako maji yalikuwa machafu zaidi, lakini maji yake yalipita katika mchanga. Kipindupindu kilipoingia, watu zaidi ya 8,600 walikufa Hamburg. Altona waliougua walikuwa wachache kwa kulinganisha, ijapokuwa mitaa ya miji hiyo miwili ilipakana. Mwaka uliofuata Hamburg nao wakaanza kutumia vichujio vyao vya mchanga.

Je, mchanga ulifanya nini? Kama ungekuwa ni kuzuia takataka tu, kama ungo uzuiavyo mawe, vijidudu vidogo vya ugonjwa vingepita. Jibu lilikwisha kuanza kupatikana Ufaransa mwaka 1877. Wataalamu wawili, Schloesing na Müntz, walijaza mchanga na chokaa katika bomba refu, wakayapitisha humo maji machafu ya mji kidogo kidogo. Siku 20 zikapita, na amonia iliyoingia juu ikatoka chini vile vile. Kisha ghafula amonia ikaanza kupungua, na badala yake ikatoka chumvi iitwayo nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi sana. Wakatia mvuke wa dawa ya klorofomu, ambayo huvilaza viumbe hai, na kazi ikasimama. Wakatia maji yaliyooshea udongo wa shamba, na baada ya muda kazi ikaanza tena. Kwa hiyo aliyekuwa akifanya kazi si mchanga. Walikuwa viumbe hai wadogo wakaao juu ya punje za mchanga.

Na hapa pana jambo la kupendeza katika historia. Aliyelifuatia jambo hili Uingereza, katika shamba la majaribio la Rothamsted, aliitwa Robert Warington. Naye alikuwa mwana wa yule Robert Warington wa konokono. Mwana huyo alionyesha kwamba kazi hii ni ya hatua mbili, na kila hatua ina wafanya kazi wake: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Yeye mwenyewe hakuweza kuwatenga wadudu hao peke yao. Mrusi Sergei Winogradsky aliweza mwaka 1890. Baba aliwatafutia samaki wawili maji ya kukaa. Mwana akaeleza kwa nini maji yale yaliweza kukalika.

Basi kwa elimu hiyo twaweza kusema maneno ya hakika juu ya akwariamu ndogo ya maji ya bahari, kama zitunzwavyo katika shule na nyumba nyingi duniani. Ndani yake zimo kazi mbili, nazo zisichanganywe. Kazi ya kwanza ni kukamata chembe: masalio ya chakula, mavi ya samaki, vipande vya mwani. Kazi hii hufanywa na sifongo, pamba ya nyuzi iliyotengenezwa kiwandani, au mfuko wa kitambaa. Kazi ya pili ni ya wale viumbe wadogo wakaao juu ya mawe, mchanga na sifongo, wanaoigeuza amonia. Kichujio cha chembe hakiondoi sumu iliyokwisha kuyeyuka majini, kama vile kifumbu kisivyoweza kutoa chumvi katika tui.

Sharti la kwanza latoka hapo. Taka iliyonaswa katika pamba haijatoka katika maji. Imekusanywa mahali pamoja tu, na maji yapita juu yake usiku na mchana. Ikiachwa itaoza papo hapo, na kichujio kitakuwa kiwanda cha amonia. Kwa hiyo pamba na mfuko vyataka kuoshwa au kubadilishwa kila baada ya siku chache, wala si kungoja mpaka maji yashindwe kupita. Maji yaonekanapo yanafurika kando ya pamba badala ya kupita ndani yake, mtunzaji amekwisha kuchelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sharti la pili ni mpango. Maji yapite kwanza katika sifongo yenye matundu makubwa, kisha katika pamba laini, na mwisho yafike kwenye mawe. Kikitangulia kilicho laini, kitaziba upesi.

Sharti la tatu ni la maosho. Sifongo iliyokaa siku nyingi ni makao ya wale wafanya kazi wadogo. Iminywe katika ndoo ya maji ya bahari yaliyotolewa katika chombo chenyewe siku ya kupunguza maji, na isioshwe kwa maji ya bomba yenye dawa ya klorini, wala kwa sabuni. Sifongo zikiwa mbili, leo ioshwe moja, na nyingine iachwe mpaka juma lijalo. Wale waliojenga madimbwi ya Chelsea waliparua tabaka ya juu tu, wakauacha mchanga wa chini. Nasi tufanye vivyo.

Sharti la nne ni la hadhari. Kabla ya kutia mkono, umeme uzimwe, kwa maana maji ya chumvi hupitisha umeme. Na pampu ikisimama kwa saa nyingi, maji yaliyofungwa ndani ya kichujio huishiwa na oksijeni, wale viumbe hufa, na uozo huanza. Kichujio cha namna hiyo kioshwe kwanza kabla ya kukiwasha tena, isije sumu ikamwagika yote juu ya samaki.

Haya si mambo ya nchi za mbali tu. Pwani ya Kenya wako wavuvi wanaoshika samaki wa mapambo mmoja mmoja kwa nyavu kati ya matumbawe, nao hupelekwa ng'ambo kwa ndege kuuzwa. Samaki aliyevuka safari hiyo, akaepuka nyavu iliyomchubua, joto na baridi ya njiani, aweza kufa mwezi wa pili katika nyumba nzuri kwa sababu ya pamba ya thamani ya senti chache isiyooshwa. Na afapo, mwingine atatolewa katika mwamba kujaza nafasi yake. Kwa hiyo anayeiosha pamba kwa wakati wake huko London au Chicago anaupunguzia mzigo mwamba wa Kilifi au wa Shimoni, ajapokuwa hajapata kuuona.