Wasifu wa Aliye Hai na Haki ya Kukataa

Kamusi kubwa ya wasifu wa Waingereza, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1885 chini ya uhariri wa Leslie Stephen, ilikuwa na kanuni isiyo na utata: aliye hai haingii. Kitabu kingine cha huko huko, Who's Who, kilichoanza mwaka 1849 kama orodha ya majina na vyeo, kiligeuka mwaka 1897 kuwa kitabu cha wasifu wa walio hai, lakini wahusika wenyewe ndio waliopeleka taarifa zao. Huku kwetu, Tippu Tip aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, akachagua mwenyewe la kusema na la kunyamazia. Kwa muda mrefu, basi, swali la aliye hai lilikuwa na majibu mawili: asubiriwe afe, au apewe kalamu yeye.

Wikipedia, iliyoanza Januari 2001, haikuchukua jibu lolote kati ya hayo. Haimsubiri mtu afe, na kanuni zake humsihi asiandike habari zake mwenyewe.

Gharama yake ilionekana mwaka 2005. John Seigenthaler, mwanahabari mkongwe wa Marekani aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy katika Wizara ya Sheria, aliandikiwa wasifu na mtu asiyejitambulisha. Wasifu huo ulidai kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika katika mauaji ya John Kennedy na ya ndugu yake Robert. Yeye ambaye mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la Robert. Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne bila mtu kuufuta. Mwandishi wake alikuja kukiri kwamba alikuwa akimtania mfanyakazi mwenzake. Seigenthaler hakuwa na wa kumshitaki kwa urahisi, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inamkinga mwenye mtandao dhidi ya dhima ya maneno yaliyowekwa na wengine. Alifanya alichokijua: aliandika gazetini, Novemba 2005. Mwezi uliofuata Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojisajili kuanzisha makala mpya, na kanuni maalumu kuhusu wasifu wa watu walio hai ikaanza kuandikwa.

Lakini kesi ya uongo ni nyepesi. Hakuna mwenye akili timamu atakayeutetea uongo. Kesi nzito ni ya ukweli ambao mwenyewe hautaki.

Ujerumani ilikuwa imekwisha kulikabili jambo hili kabla ya intaneti. Mwaka 1969 askari wanne waliuawa katika ghala la silaha huko Lebach. Mmoja wa washirika wa uhalifu huo, akikaribia kuachiwa kutoka gerezani, alikwenda mahakamani kuizuia filamu ya televisheni iliyomtaja kwa jina, na mwaka 1973 Mahakama ya Katiba ilimpa haki: jamii ilikwisha kuarifiwa, na sasa mtu huyu alihitaji nafasi ya kurudi miongoni mwa watu. Hoja hiyo ilirejea baada ya kuuawa kwa mwigizaji Walter Sedlmayr mjini Munich mwaka 1990. Wanaume wawili waliohukumiwa kwa mauaji hayo walitoka gerezani mwaka 2007 na 2008, wakataka majina yao yaondolewe mtandaoni. Toleo la Kijerumani la Wikipedia liliyaondoa. La Kiingereza likayabakiza. Katika shauri lao dhidi ya vyombo vya habari vya Ujerumani, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2018 kwamba haki yao ya faragha haikuvunjwa. Iliyapa uzito maslahi ya umma katika hifadhi za habari, na ikakumbuka kwamba wao wenyewe waliwahi kuvitafuta vyombo vya habari walipotaka kesi yao isikilizwe upya.

Naona mahakama zote mbili zilikuwa sahihi, na sioni ukinzani. Filamu humrudisha mtu sebuleni mwa kila nyumba siku aliyotoka. Hifadhi ya gazeti humngoja anayeitafuta. Shida ya kamusi elezo ni kwamba imekuwa vyote viwili: ni hifadhi, na ndiyo ya kwanza kujitokeza jina linapoulizwa.

Wanaopinga si wanyonge peke yao. Mwanzoni mwa mwaka 2006 ilibainika kwamba watumishi wa ofisi ya mbunge wa Marekani, Marty Meehan, walikuwa wameibadilisha makala yake na kuondoa habari za ahadi aliyowahi kuitoa ya kuweka ukomo wa vipindi vyake bungeni. Hiyo ndiyo sura ya pingamizi la mwenye madaraka. Aliyeomba kura aliyakabidhi maneno yake kwa wapigakura, na kukataa kwake kusihesabiwe hata kidogo. (Watumishi wa umma wanaosoma hapa wajue pia kwamba kumhariria bosi si sehemu ya majukumu yao.)

Kwa mtu aliyeingia katika habari mara moja, kwa ajali au kwa kesi, mambo ni tofauti. Kanuni za Wikipedia ya Kiingereza zinaruhusu wasifu wa mtu asiye maarufu sana kufutwa akiomba, iwapo wahariri hawakuafikiana kuubakiza. Mimi ningeugeuza mzigo huo: akikataa, wanaotaka kuubakiza ndio wathibitishe kwamba tukio haliwezi kuelezwa bila jina lake. Mara nyingi linaweza. Historia ya ajali ya feri haihitaji anwani ya kila aliyenusurika.

Kenya, katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inampa mhusika haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, na papo hapo inaacha nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Makala ya kamusi elezo iliyoandikwa na mtu wa kujitolea, bila mshahara wala mhariri mkuu, iko upande gani wa mstari huo? Wanafunzi wangu wa sheria wana wiki mbili za kulijibu hilo kwa maandishi.