Kabla Hatujahesabu Makombe ya Gofu

Hapa Tandika kwenye kijiwe changu cha kahawa ubishi wa michezo hauna likizo. Ukiisha wa Simba na Yanga unaingia wa Pelé na Maradona, na ukipoa huo hatakosekana mtu wa kuchokoza wa ndondi. Jumamosi iliyopita niliulizwa mimi hasa ni shabiki wa mchezo gani, nami bila kufikiri nikajibu: gofu. Watu walicheka hadi muuza kahawa akaweka birika chini. Mzee mmoja, fundi cherehani wa siku nyingi, akaniuliza kwa upole kama nimeteuliwa katika bodi ya shirika gani.

Sikumlaumu. Kwa mtu wa Temeke gofu ni zile nyasi za Gymkhana kule mjini, upande wa Ocean Road, ambako wakati wa ukoloni Wazungu walikuwa wakipumzisha akili baada ya kazi ya kututawala. Ndugu zetu wa Kinondoni wanao uwanja wa Lugalo, katika eneo la Jeshi la Wananchi, lakini hata huko wengi wetu hupita barabarani tu tukielekea Tegeta. Anayeingia ndani kutoka mitaa yetu, mara nyingi huingia kama kedi, yaani kijana wa kubeba mfuko wa fimbo za mwenye kucheza.

Basi nikawaeleza ubishi mkubwa wa gofu duniani. Kuna mashindano makuu manne kila mwaka: Masters ya Augusta, PGA, mashindano ya wazi ya Marekani na yale ya wazi ya Uingereza. Mmarekani Jack Nicklaus aliyashinda mara 18, kati ya mwaka 1962 na 1986. Mmarekani mwingine, Tiger Woods, ameyashinda mara 15, tangu 1997 hadi 2019. Wa kwanza anadaiwa kuwa mkubwa kwa sababu ya hesabu. Wa pili kwa sababu ya namna alivyoshinda. Kwa siku zangu zote za ushabiki nimesikia ubishi huo ukienda hivyo hivyo, kumi na nane dhidi ya kumi na tano, kama bei ya kitambaa.

Fundi yule akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na wale waliokuwa wakibeba mifuko, wao walihesabiwa wapi?"

Nimelala na swali hilo siku kadhaa. Leo nataka kulijibu.

Tuanze barani kwetu, mjini Durban. Huko aliishi mtu mmoja wa ukoo wa Kihindi, Sewsunker Sewgolum, ambaye watu walimwita Papwa. Hakwenda shule. Alikuwa kedi, akajifunza mchezo kwa kuwatazama wenye mali. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu, alishika fimbo kinyume na dunia nzima. Mchezaji wa mkono wa kulia huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini yake. Papwa aliweka wa kulia juu na wa kushoto chini. Mwalimu yeyote angemrudisha nyuma siku ya kwanza. Lakini mpira ulikwenda, tena ulikwenda mahali alipoutaka.

Mwaka 1959 mfanyabiashara mmoja wa Kizungu, Graham Wulff, ambaye akina mama watamjua kwa mafuta ya uso ya Oil of Olay aliyoyavumbua yeye, alimchukua Papwa kwa ndege ndogo hadi Ulaya, kwani nyumbani mashindano makubwa yalikuwa ya Wazungu peke yao. Papwa akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka huo huo. Akayashinda tena 1960. Akayashinda tena 1964. Mtu aliyeshika fimbo kinyume, ambaye kwao hakuruhusiwa kukaa mezani na aliowashinda.

Mwaka 1963 walimruhusu kucheza mashindano ya wazi ya Natal, mjini kwake Durban. Alishinda. Hapo ndipo pana kisa ambacho mpenzi wa gofu akikisoma hawezi tena kuutazama mchezo huu kwa macho yale ya zamani. Sheria za ubaguzi zilimzuia kuingia katika jengo la klabu pamoja na Wazungu. Basi wachezaji aliowashinda walikuwa ndani, pakavu, na mshindi alikabidhiwa kombe lake nje, mvua ikimnyeshea. Picha ya siku ile ilizunguka dunia.

Miaka miwili baadaye, 1965, alishinda Natal tena, na safari hii miongoni mwa aliowaacha nyuma alikuwamo Gary Player. Huyu Player si mtu mdogo. Mwaka huo huo wa 1965 alishinda mashindano ya wazi ya Marekani, akawa mtu wa tatu katika historia kuyapata makuu yote manne, na jumla ya makombe yake makuu ni tisa. Kila kitabu cha gofu kitakupa tisa hizo bila kukosea. Lakini ni vingapi vitakuambia kwamba katika mwaka wake wa neema, nyumbani kwake, alishindwa na kedi wa Kihindi? Malipo ya Papwa kwa ushindi ule yalikuwa kufungiwa mashindano ya Wazungu na kunyang'anywa njia ya kusafiri nje. Alikufa mwaka 1978, maskini.

Kwa haki ya Player niseme hivi. Katikati ya miaka ya 1960 aliandika akiutetea utawala wa Verwoerd. Baadaye aliukana ubaguzi hadharani, na mwaka 1971 alimwalika Mmarekani mweusi, Lee Elder, kuja kucheza Afrika Kusini. Mtu huweza kubadilika. Hata hivyo tisa zake hazikubadilika, wala kapu la Papwa halikujazwa.

Wapo watakaosema mambo hayo ni ya Makaburu, nasi tuliwasusia. Ni kweli, tuliwasusia, na tulilipa gharama. Wazee wenzangu wanakumbuka mwaka 1976, Tanzania ilipogomea michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, na Filbert Bayi akakosa nafasi ya kukimbia na John Walker. Kwa hiyo sisi tunajua maana ya jina kukosekana katika orodha ya washindi. Lakini mlango wa gofu haukufungwa Durban peke yake.

Marekani, chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA, kilikuwa na kifungu katika katiba yake tangu miaka ya 1930: uanachama ni kwa watu wa asili ya Kizungu. Kifungu kiliandikwa wazi, hakikunong'onwa. Kilifutwa Novemba 1961. Charlie Sifford, aliyezaliwa North Carolina mwaka 1922, ambaye naye alianza kwa kubeba mifuko, alikuwa ameshafika miaka 39. Umri huo mcheza mpira ameshakuwa kocha, na kitambi juu. Pamoja na hayo Sifford alishinda mashindano ya Hartford mwaka 1967 na ya Los Angeles mwaka 1969. Masters, ambayo huchezwa kwa mwaliko, haikumwalika hata mara moja.

Sasa tazameni tarehe. Kifungu kilifutwa Novemba 1961. Nicklaus alipata kombe lake kuu la kwanza Juni 1962, kijana wa miaka 22. Simtuhumu Nicklaus kwa lolote. Alipiga mpira wake na akashinda waliokuwa mbele yake. Ninachosema ni kwamba yeye alianza kuhesabiwa siku ambayo Sifford alitakiwa kuwa anamaliza. Na waliomtangulia, akina Ben Hogan na Sam Snead, makombe yao makuu yote waliyapata wakati kifungu kile kingali kinafanya kazi. Walikuwa mafundi, hapana shaka. Walikuwa mafundi katika nyumba iliyofungwa mlango.

Augusta yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Hadi mwaka 1982 makedi wote wa Masters walikuwa watu weusi wa mji ule. Yaani kila aliyevalishwa koti la kijani katika miaka hiyo, mfuko wake ulikuwa begani mwa mtu mweusi, na ushauri wa njia ya mpira ulitoka kinywani mwake. Klabu ilipokea mwanachama mweusi wa kwanza mwaka 1990. Mchezaji mweusi wa kwanza alikuwa Lee Elder, Aprili 1975. Alitumiwa vitisho vya kuuawa, akakodi nyumba mbili mjini Augusta ili wenye nia mbaya wasijue analala ipi. Hakufuzu kucheza siku mbili za mwisho. Nani angefuzu akiwa na usingizi wa namna hiyo?

Kisha ikaja Aprili 1997. Kijana wa miaka 21, mtoto wa askari mweusi aliyepigana Vietnam na mama wa Kithai, alimaliza mashindano yale kwa mikwaju 270, akimwacha wa pili kwa mikwaju 12. Elder alikuwapo siku ya mwisho. Njiani alikamatwa na trafiki kwa mwendo wa kasi, na mimi nasema hakuna faini iliyolipwa kwa moyo mkunjufu kuliko ile. Woods alipomaliza aliwataja Sifford, Elder na Teddy Rhodes. Kwangu mimi maneno yale yalikuwa sehemu ya kombe.

Nairobi nayo ina ukurasa wake. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza 1967, na uwanja wa Muthaiga uliwapokea vijana wengi wa Ulaya kabla majina yao hayajakua. Mwaka 1978, mwaka ule ule aliokufa Papwa, alishinda pale Mhispania Seve Ballesteros. Miaka miwili baadaye akawa mtu wa kwanza wa Ulaya kushinda Masters. Seve naye alikuwa kedi, mtoto wa familia ya wakulima katika kijiji cha Pedreña, aliyejifunza ufukweni kwa fimbo moja tu. Ndiyo maana alipokuwa mkubwa hapakuwa na mahali pabaya kwake: mwaka 1979, akielekea kushinda mashindano ya wazi ya Uingereza, mpira wake uliangukia penye magari yaliyoegeshwa, na bado akalipata shimo lile chini ya mkwaju mmoja wa kawaida. Ian Woosnam alishinda Kenya 1986 na Masters 1991. Trevor Immelman alishinda Kenya 2000 na Masters 2008.

Lakini hadi mashindano ya mwaka 2025 hakuna Mkenya aliyewahi kulitwaa kombe hilo la nyumbani. Aliyekaribia ni Jacob Okello, mwaka 1998, aliyefungana na Muargentina Ricardo González, akashindwa katika mashimo ya ziada. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya, Uganda na hapa kwetu walianzia kwenye kubeba mifuko. Wanajua kila mwinuko wa uwanja, ila uwanja wanaupata siku wenyewe wasipocheza, na fimbo wanazipata mwenye nazo akinunua mpya. Hao hukutana Nairobi na vijana waliopewa mwalimu wakiwa na miaka sita. Mbio hizo nazo zina mahali pa kuanzia panapotofautiana. Siku hizi, tangu mwaka 2022, fedha za Saudi Arabia zimewagawa wachezaji wakubwa makundi mawili, wakigombana nani alipwe mamilioni mangapi. Ubishi huo nauacha kwao.

Basi fundi, jibu langu ni hili, na ulipokee pamoja na kahawa. Kwa idadi ya makombe, Nicklaus. Kwa kilele cha ubora, Woods, hasa mwaka 2000 aliposhinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa tofauti ya mikwaju 15, kitu ambacho sitegemei kukiona tena. Kwa akili ya mikono, Seve. Rory McIlroy amekamilisha makuu yote manne mwaka 2025 na namheshimu, ila asubiri foleni. Na juu ya Player mwenye tisa zake, mimi namweka Papwa Sewgolum asiye na hata moja. Mtaniambia kombe la Uholanzi si Masters, na Natal si Uingereza. Nakubali. Lakini siku walipokutana Durban mwaka 1965, kwenye nyasi zile zile na upepo ule ule, tunajua nani alishinda. Huo ndio ushahidi pekee alioruhusiwa kuuacha, naye aliuacha.

Nilipomsomea fundi maneno haya kabla ya kuja studio, alitikisa kichwa, akasema Papwa amemkubali ila gofu bado. Jioni hiyo hiyo kijana wa jirani yangu, ambaye hubeba mifuko mwisho wa juma, alikuwa anafanya mazoezi uwanjani nyuma ya nyumba kwa fimbo aliyoikunja mwenyewe kutoka kipande cha nondo. Mpira wa tatu ulitua juu ya bati la fundi. Alitoka ameshika mkasi, akauokota, akautazama. Halafu akamuuliza kijana amewezaje kuupandisha juu namna ile kutoka kwenye mchanga.