Kambi ya hisabati: yanayofanyika huko, na maana yake kwa mtoto wa Sarang'ombe

Kambi ya hisabati ni mkusanyiko wa vijana wa shule za upili wanaokaa pamoja wakati wa likizo, kwa kawaida wiki moja au zaidi, wakifanya hisabati mchana na kulala papo hapo. Hakuna mtihani wa mwisho wala silabasi ya kukimbizana nayo. Hisabati huletwa ikiwa imeshikana na jambo jingine: ramani, lugha, kompyuta, michezo, fedha, hata maji ya bahari.

Makala haya yanaeleza kambi hizi zilikotoka, yanayofanyika ndani yake, na kwa nini zina maana ya pekee kwa mtoto wa Sarang'ombe, moja ya wadi tano za eneo bunge la Kibra jijini Nairobi. Kibera ni mahali ambapo Wanubi, ndugu zetu wa Kiislamu, wameishi kwa zaidi ya miaka 100, na leo ni mtaa wa watu wa kila kabila. Tutakayoyasema kuhusu mtoto wa huko yanamhusu pia wa Kisauni, Likoni au Malindi.

Zilikotoka

Huko Marekani, mwanahisabati Arnold Ross alianzisha mafunzo ya likizo kwa vijana mwaka 1957 katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Kwa muda mrefu kambi za namna hiyo zilikuwa za vijana waliokwisha kujulikana kuwa hodari. Mwaka 2011 ilianza jijini New York programu ambayo leo inaitwa BEAM, iliyowalenga watoto wa familia zenye kipato kidogo ambao hawakuwahi kupata mlango huo.

Mwaka huo huo wa 2011, mwezi Agosti, Kenya ilipata kambi yake katika Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu. Iliandaliwa na wahadhiri na wanafunzi wa chuo pamoja na wageni wa kujitolea, na kazi hiyo ikaendelezwa na shirika la African Maths Initiative. Mfano wa Maseno ulisambaa hadi Ethiopia, Ghana, Tanzania na kwingineko.

Yanayofanyika kambini

Siku ya kambi hugawanywa baina ya vipindi vya pamoja, kazi za vikundi vidogo na michezo ya kufikiri. Wakufunzi wengi ni vijana wa chuo kikuu, hivyo mtoto hupata mtu wa kumuuliza bila kuona haya. Maseno wanafunzi walichora maumbo kwa programu ya GeoGebra, wakajifunza takwimu, uundaji wa mifano ya kihisabati na ufumbuzi wa maandishi ya siri.

Hayo maandishi ya siri ni mfano mzuri wa hisabati kukutana na lugha. Chukua neno BAHARI, kisha sogeza kila herufi hatua 3 mbele katika alfabeti. Utapata EDKDUL. Asiyejua siri ataisoma vipi? Atahesabu. Katika Kiswahili herufi inayojitokeza zaidi ni A, maana maneno yetu mengi huishia kwa irabu. Katika ujumbe mrefu, herufi inayojirudia kuliko zote huenda ndiyo A iliyovaa nguo nyingine. Hapa ni D, na kutoka A hadi D ni hatua 3. Basi siri imefichuka. Kijana aliyefanya hivyo amegusa takwimu, sarufi ya lugha yake na msingi wa usalama wa kompyuta katika kipindi kimoja.

Hesabu za Sarang'ombe yenyewe

Kwa mtoto wa Kibera, somo kubwa liko mlangoni. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni 1 au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ikahesabu 170,070. Ubishi ukawa mkubwa, kwa sababu fedha za misaada, vyoo, shule na kura vyote hufuata idadi.

Kijana wa shule ya upili anaweza kuipima dai hilo kwa karatasi na kalamu. Kibera ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 2.5, yaani mita mraba 2,500,000. Ukigawanya kwa watu milioni 1, kila mtu anapata mita mraba 2.5, na hapo hujatoa njia, mitaro, reli, shule wala misikiti na makanisa. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina mita mraba 9 na kidogo. Kwa hiyo ingebidi kila kipande cha ardhi chenye ukubwa wa chumba hicho kibebe karibu watu 4, pasiwe na hata uchochoro wa kupita, na nyumba nyingi hazina ghorofa. Ukigawanya kwa 170,070 unapata kama mita mraba 14.7 kwa mtu. Bado ni msongamano mkubwa, lakini unaingia akilini.

Mwaka huo huo wa 2009 ulianza mradi wa Map Kibera, ambapo vijana wa mtaa walizunguka na vifaa vya GPS wakaweka njia, vyoo, zahanati na shule kwenye ramani ya wazi ya intaneti. Kabla ya hapo mtaa huo ulikuwa kama pengo tupu kwenye ramani. Kupima pembe, umbali na eneo ni hisabati ya darasani. Hapo ilifanya kazi ya uraia.

Na Pwani je?

Kambi ikifanywa Pwani, mada haziko mbali. Mvuvi anajua bamvua na maji mafu, na anajua kwamba maji ya leo hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko ya jana. Kijana akiandika kimo cha maji kila saa kwa siku chache kisha akachora, ataona mawimbi ya grafu ambayo kitabu cha trigonometria humfundisha bila kumwambia ni ya nini.

Mirathi nayo ni hesabu ya sehemu. Mume amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, bila deni, wasia wala warithi wengine. Mke ana 1/8, watoto wana 7/8, na wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Ukiweka vyote juu ya 32, mke ana 4, mvulana 14, kila binti 7. Jumla 32. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu nzima ya kitabu hicho kwa hesabu za urithi na wasia.

Kwa nini kulala huko ni muhimu

Mtu atauliza: kwa nini wasifanye hayo shuleni jioni warudi nyumbani? Wanaweza, na ni heri kuliko kukosa kabisa. Lakini mtoto anayeishi katika chumba kimoja na watu watano au sita hana meza, hana kimya, na taa hutegemea siku. Msichana akifika nyumbani kuna maji ya kuteka na mdogo wake wa kubeba. Swali gumu la hisabati linahitaji kukaa nalo jioni, kulala nalo, na kuamka nalo. Kambi humpa mtoto wa Sarang'ombe kile ambacho mtoto wa bweni la shule kubwa anacho kila siku: muda usiokatizwa, chakula cha uhakika, na wenzake wa kubishana nao.

Hapo ndipo penye ugumu vilevile. Malazi, chakula na nauli ndivyo vinavyoifanya kambi iwe ghali, na kutoka Nairobi hadi Maseno ni zaidi ya kilomita 350. Kambi isiyo na ufadhili humwacha nje yule yule inayemfaa zaidi.

Tofauti na tuisheni

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza tuisheni wakati wa likizo. Kambi ya kweli haifundishi silabasi ya muhula ujao wala haifanyi kazi ya kukariri maswali ya mtihani. Ukiona ratiba imejaa karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, hiyo ni tuisheni iliyobadilishwa jina.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mtaala wa umilisi umefika Gredi ya 10 mwaka 2026, na baada ya mjadala mkali serikali iliamua hisabati ibaki ya lazima kwa wote, nzito zaidi kwa wanaofuata sayansi. Mtoto anayechagua njia yake akiwa na miaka 15 hivi anahitaji kuwa amewahi kuionja hisabati mahali ambapo kukosea hakumpunguzii alama.

Mzazi aulize nini

Kabla ya kumpeleka mwanao, uliza haya. Nani mwenye dhamana ya watoto usiku, na mabweni ya wasichana na wavulana yametengana vipi? Je, chakula ni halali na kuna nafasi ya swala? Wakufunzi ni kina nani, na wamechunguzwa? Ada inalipia nini, na kuna nafasi ngapi za bure? Mtoto atarudi na kazi gani mkononi?

Swali hilo la mwisho usiliache. Akirudi na ramani aliyoipima, grafu aliyoichora au siri aliyoifumbua, mwambie akufafanulie. Akiweza kukueleza wewe jinsi alivyofika pale, amejifunza.