Nguo za mvua za mtoto: Namna ya kuchagua na kumvalisha ili acheze nje bila kulowa

Masika yakianza mwezi Machi, mtoto wa miaka miwili hadi sita hakai ndani. Atatafuta dimbwi, atakaa kwenye tope, atapiga magoti kwenye majani mabichi. Katika maeneo ya baridi kama Limuru, Kericho, Njombe na Mbeya, mtoto aliyelowa hupoa haraka kuliko mtu mzima, kwa sababu mwili mdogo hupoteza joto upesi.

Nguo nzuri ya mvua humruhusu kucheza bila kutetemeka. Lakini si kila koti linalong'aa sokoni huzuia maji, na baadhi ya nguo zenyewe ni hatari.

Koti peke yake halitoshi

Mtoto mdogo halowi kutoka juu tu. Mara nyingi huanza chini: makalioni na magotini. Koti la kawaida huishia mapajani, akichuchumaa tu maji yameshapita.

Kwa mchezo wa nje kuna chaguo mbili. Ya kwanza ni ovaroli ya kipande kimoja, kuanzia kofia hadi kwenye vifundo vya miguu. Hii inamfaa anayetambaa au anayeanza kutembea, maana haina nafasi ya kiunoni ya kupitisha maji.

Ya pili ni koti pamoja na suruali ya mvua yenye mikanda ya mabegani. Hii ni bora kwa anayejifunza kwenda chooni mwenyewe. Ovaroli huvuliwa yote, na mtoto aliyebanwa hasubiri.

Soma lebo kabla ya kulipa

Nguo nyingi za aina hii huuzwa mitumbani, zikiwa zimetoka Ulaya. Lebo ikisema "waterproof", au kwa Kijerumani "wasserdicht", au kwa Kiswidi "vattentät", nguo ilitengenezwa kuzuia maji kabisa. Ikisema "water resistant" au "showerproof", itahimili manyunyu tu.

Baadhi ya lebo huandika namba, kwa mfano milimita 5,000 au 10,000. Hicho ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kubeba kabla ya kuanza kuvuja. Namba ikiwa kubwa ni bora zaidi kwa mtoto, kwa sababu anapokaa au kupiga magoti kwenye tope, uzito wake husukuma maji yaingie.

Mishono nayo huangaliwa. Kila tundu la sindano ni njia ya maji, hivyo nguo ya kweli ya mvua huwa na utepe uliobandikwa juu ya mshono kwa ndani, au mshono uliounganishwa kwa joto bila uzi.

Kuijaribu palepale kwenye kibanda

Nguo ya mtumba inaweza kuwa na lebo nzuri na bado ikavuja. Kuna njia rahisi za kuicheki:

- Iinuliwe kwenye mwanga. Vitundu vya magotini na makalioni vitaonekana.
- Igeuzwe ndani nje. Utando wa ndani ukiwa unanata au unabanduka kama maganda, umri wake umekwisha.
- Maji kidogo yamiminwe kwenye goti, kisha pabanwe kwa kidole gumba. Upande wa pili ukipata unyevu, irudishwe.
- Zipu ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa.

Kamba za shingoni ni hatari

Hili ndilo la kuangalia kwanza. Kamba ya kofia au ya shingoni inaweza kunasa kwenye bembea, tawi, lango au mlango wa gari na kumnyonga mtoto.

Mwaka 1996 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo dhidi ya kamba hizo, baada ya watoto kufa. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 nacho hakiruhusu kamba za kuvuta kwenye kofia na shingoni kwa watoto walio chini ya miaka 7.

Koti la zamani linaweza kuwa bado na kamba. Dawa yake ni kuichomoa yote, si kuifunga fundo. Kofia bora ni ya lastiki, au iliyoshikwa kwa vifungo vya kubonyeza vinavyoachia ikinasa.

Kosa jingine ni kumfunika mtoto kwa mfuko wa nailoni kichwani au usoni. Nailoni hunata puani na mdomoni, na mtoto mdogo hawezi kuitoa. Mtoto anayebebwa mgongoni afunikwe kwa mwavuli. Akiwa kwenye bodaboda, asivae vazi refu linaloning'inia, maana linaweza kushikwa na gurudumu.

Ukubwa na rangi

Nguo iwe na nafasi ya sweta ndani, lakini mikono isifunike viganja na kofia isizibe macho. Mtoto asiyeona pembeni haoni pikipiki inayokuja.

Njano, chungwa na nyekundu huonekana mapema zaidi kwenye mvua kuliko kijivu au bluu iliyokolea. Zenye mistari ya kuakisi mwanga ni bora zaidi jioni.

Namna ya kumvalisha

Ndani, sehemu za baridi, sweta la sufu au la flisi linafaa kuliko pamba. Pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza mtoto.

Kisha soksi, suruali ya mvua, halafu buti. Suruali ishuke juu ya buti, isichomekwe ndani. Ikichomekwa, maji yote yanayoteremka mguuni huishia kwenye soksi. Kama ina mkanda wa lastiki chini, upitishwe chini ya soli.

Buti lizidi kidole kirefu kwa takriban sentimita moja. Kabla ya kuvaa lipinduliwe na kukung'utwa, maana nge na wadudu hupenda kujificha humo.

Kujua kama mtoto ana baridi au joto, mzazi aguse shingo yake kwa nyuma, si vidole. Shingo ikiwa na jasho, apunguziwe nguo. Kitambaa kinachozuia maji kuingia huzuia pia jasho kutoka. Ndiyo maana Mombasa au Dar es Salaam ovaroli nzito haifai: koti jepesi na nguo kavu za kubadilisha zinatosha.

Baada ya mchezo

Tope lioshwe kwa maji ya kawaida na kitambaa. Nguo itundikwe kivulini. Isipigwe pasi wala kuanikwa karibu na jiko, kwani plastiki huyeyuka na inaweza kuwaka. Ikikunjwa mbichi huota ukungu.

Buti lililolowa ndani hujazwa karatasi za gazeti, na karatasi hubadilishwa zikishiba maji. La mpira halisi likitoboka huzibika kwa kiraka cha baiskeli. Kwenye la plastiki kiraka hicho hubanduka.

Wapi asicheze hata akiwa amevaa

Nguo hizi hazimlindi mtoto dhidi ya maji yanayotembea. Buti likijaa maji huwa zito, na mtoto akianguka kwenye mtaro hashindani na mkondo. Mafuriko ya masika ya 2024 yaliua watu Kenya na Tanzania.

Mahali salama ni dimbwi la uani ambalo chini yake panaonekana, mbali na mitaro, mito na nyaya za umeme zilizoanguka. Radi ikisikika, mchezo unahamia ndani.