Chanjo ya bure, sindano ya hasara: surua ilivyowafundisha Wamarekani

Mwaka 1983 Marekani ilirekodi wagonjwa 1,497 tu wa surua. Si mchezo, ukikumbuka kwamba kabla ya chanjo kuidhinishwa mwaka 1963, surua ilikuwa ikikadiriwa kuwapata watu milioni 3 hadi 4 kila mwaka nchini humo. Ilionekana kama kazi imekwisha. Halafu, kati ya 1989 na 1991, ikarudi kwa kishindo: wagonjwa zaidi ya 55,000 na vifo zaidi ya 120. Walioumia zaidi ni watoto ambao hawajafikia umri wa shule, hasa wa familia maskini za Weusi na Walatino katika miji kama Los Angeles, Chicago na Houston.

Je, chanjo zilikuwa zimekwisha? Hapana, zilikuwepo. Ilibainika kuwa zaidi ya nusu ya watoto waliougua hawakuwa wamechanjwa, ingawa wengi wao walishawahi kuonwa na daktari. Yaani mtoto alifika, akapimwa, akarudi nyumbani bila chanjo. Ilikuwaje?

Hapo ndipo tufuate pesa. Sisi tuliozoea kliniki ya serikali inayochanja watoto bila malipo, tunaweza kushangaa. Kule, daktari binafsi alinunua chanjo kwa pesa yake, akaitunza kwenye friji, akachanja, kisha akaidai bima. Watoto wengi maskini walikuwa chini ya Medicaid, bima ya umma iliyoanzishwa mwaka 1965, ambayo kila jimbo hupanga viwango vyake vya malipo. Bei za chanjo zilipopanda miaka ya 1980, malipo hayo mara nyingi hayakufidia gharama. Daktari anayepata hasara kwa kila sindano angefanya nini? Wengi waliwaambia wazazi waende kliniki ya umma. Maana yake nauli nyingine, foleni nyingine, na siku nyingine bila kibarua. Wapo waliofika. Wapo ambao hawakufika.

Bunge la Marekani lilijibu mwaka 1993 kwa kuanzisha mpango wa Chanjo kwa Watoto, ulioanza kazi Oktoba 1994. Serikali kuu inanunua chanjo kwa bei ya jumla na kuwapa madaktari bure, kwa ajili ya watoto wa Medicaid, wasio na bima, na wenye asili ya wenyeji wa kwanza wa Marekani, pamoja na baadhi ya wale ambao bima zao hazigharamii chanjo. Mwaka 2000 nchi ilitangaza kwamba surua haienei tena humo mfululizo. Mpango huu haukuwa sababu pekee, kwani watoto walianza pia kupewa dozi ya pili, lakini mchango wake ulikuwa mkubwa.

Tatizo likaisha? Si lote. Chupa ya chanjo ni bure, lakini muuguzi, friji na makaratasi si bure. Kwa hayo daktari hulipwa ada ya kuchoma sindano. Serikali kuu iliweka kiwango cha juu tu. Majimbo yakaachiwa kulipa chini yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Pediatrics ulikuta majimbo yaliyolipa dola 2 kwa chanjo ya mafua, na mengine karibu dola 18. Palipolipwa zaidi, watoto maskini waliochanjwa kikamilifu walikuwa wengi zaidi. Kumbuka tu kwamba uhusiano wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kuwa ada ndiyo sababu. Hata hivyo, miaka ya 2013 na 2014 sheria ya afya ya Obama iliyalazimu majimbo kupandisha malipo ya huduma za msingi, ada hiyo ikiwemo.

Watu wazima walisubiri zaidi. Ni Oktoba 2023 tu ndipo Medicaid ilipolazimika kuwagharamia wote chanjo zinazopendekezwa bila wao kuchangia.

Tunapozungumzia watu kukosa chanjo, tunakimbilia kuwalaumu wazazi: wamepotoshwa, hawaelewi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mama wa Chicago aliyembeba mwanawe hadi kwa daktari mwaka 1989 hakuwa amekataa chochote. Alikwamishwa na namba kwenye jedwali la malipo ambalo yeye hakuwahi hata kuliona.